Mama Mkwe Nyuma Yangu, Misukule Pande Zote

Wenzangu wa Kitaji, tangu nirudi kila mmoja ananikamata pale kwenye bao na kuuliza habari ileile, na nikiwa katikati anatokea mwingine, naanza upya. Wengine mmeshaanza kuisimulia mnavyotaka. Juzi nimesikia kwamba niliua misukule kumi kwa rungu. Sikuua hata mmoja. Kwa hiyo naandika mara moja, kwa utaratibu, mpeane msome.

Mnanijua. Nilipigana vita vya Kagera, nikarudi na buti zangu na goti linaloniuma siku za mvua. Baadaye nililima kwetu Bugwema, halafu ilipokuja ruksa ya biashara na watu binafsi wakaanza kununua pamba, nikapata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja Bunda. Mke wangu Wakuru na watoto wakabaki hapa Musoma. Kazi ya mlinzi ni kusimama getini na kumtazama usoni kila anayeingia. Nilikuwa naiweza kuliko kazi zote nilizowahi kufanya, na ndiyo iliyokaribia kuniua.

Kuhusu misukule, nasema niliyoyaona. Zamani tuliambiwa msukule ni mtu aliyefichwa na mchawi ili amlimie mashamba. Hawa hawakuwa na mwenyewe. Mtu alishikwa na homa, akafa, na kabla hajafikishwa kaburini akainuka akatoka nje. Aliyeng'atwa nao, weupe wa macho yake uligeuka rangi ya majivu wakati bado anaongea na kuomba maji. Baada ya hapo hakuongea tena.

Bunda: getini

Ilianza mchana, magari ya pamba yamepanga foleni mpaka barabara kuu. Getini alikuwa mwenzangu Wambura, mimi nilikuwa nyuma ya ghala nakagua uzio. Nilisikia filimbi yake mara moja. Nilipofika mbio nilimkuta amesimama wima, mbele yake kuna watu sita au saba wenye shuka za hospitali mabegani, naye anamtazama wa kwanza machoni na kumwambia kwa upole, "Mzee, hapa hapapiti wagonjwa. Rudi ulikotoka."

Wote walimgeukia Wambura kwa pamoja, kama ng'ombe wanavyogeukia chumvi. Sitaandika zaidi ya hapo, kwa sababu mke wake naye atasoma.

Mimi nilifanya kama nilivyofundishwa jeshini. Niliwakazia macho, nikapima umbali, nikarudi nyuma taratibu bila kugeuka. Wakanifuata. Walipita kando ya wapakiaji waliokuwa wamejilaza kifudifudi juu ya marobota ya pamba wakilia, hawakuwagusa, wakanifuata mimi. Niliruka uzio nikaacha kofia yangu kwenye miba.

Barabarani maduka yote yalikuwa yamefungwa isipokuwa kibaraza cha Mzee Ramadhani, fundi cherehani. Alikuwa amekaa palepale anapokaaga, ameinamia suruali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nishikie hapa."

Nikashika pindo. "Mzee, hujawaona?"

"Kina nani?"

"Misukule."

"Miguu nimeiona. Imepita mingi, mingine haina viatu. Nilikuwa natunga uzi, na macho yenyewe ndiyo haya. Nikiinua uso naanza upya kutafuta tundu la sindano."

"Na hawakukugusa?"

"Waniguse kwa lipi? Suruali si yao."

Nilicheka, halafu nikaliweka neno hilo moyoni bila kujua kazi yake. Mzee alinifungia mandazi kwenye kipande cha kitambaa, akanilaza dukani kwake, na asubuhi ndipo lilipofika lori kutoka Musoma, limekuja kupakia mashudu ya pamba. Dereva alinitafuta kwa jina.

"Wewe ndiye Baba Magesa? Mkeo amenipa maneno. Anasema nenda Butiama ukamchukue mama. Amesema nikwambie hivihivi: usije bila yeye."

Wakuru alikuwa mjamzito, mwezi wake umefika. Watoto wetu wawili walipokelewa na mikono ya mama yake, na kabla yao tulipoteza mmoja ambaye bibi hakuwahi kumpokea. Baba mkwe alishafariki. Mama alikuwa peke yake Butiama. Ujumbe nilikuwa nimeuelewa kabla dereva hajamaliza.

Lakini nieleze kidogo kwanza. Wale wenzetu wa Bunda na wa pwani hawataelewa bila kuelezwa. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, hawatajani majina. Nikikutana naye njiani mimi naingia porini, yeye anapita. Tangu nioe, watoto wangu wakubwa wameshaanza shule, sijawahi kumwona uso. Najua mgongo wake. Sasa nilitakiwa kumtoa Butiama mpaka Musoma, sisi wawili tu, bila shemeji, bila jirani wa kutusemea katikati. Nawaambia kweli, nilipopanda lile lori sikuwa nawaza misukule.

Bunda mpaka Kiabakari: juu ya mashudu

Nilikaa juu ya magunia, nikitazama nyuma. Mlinzi wa msafara anakaa hivyo. Kila tulipopita kundi la misukule kando ya barabara nililihesabu, nikamtazama mmoja mmoja, nikaona nguo, nikaona nani ana kidonda wapi. Na kila kundi nililolihesabu liliingia barabarani na kuanza kutufuata.

Lori lile halikuwa na haraka. Lilikuwa likichemsha maji, na dereva alilazimika kusimama kila baada ya mlima lipoe. Kila tulipoondoka, wa mbele yao walikuwa wamebakiza umbali wa kurusha jiwe.

Tulipofika Kiabakari dereva alishuka, akanitazama juu ya magunia.

"Afande, shuka."

"Tumefika?"

"Mimi sijafika. Wewe ndiyo umefika. Nimekuja alfajiri njia hiihii peke yangu, naimba zangu, macho barabarani, hakuna aliyenifuata. Sasa tangu upande wewe nina harusi nzima nyuma yangu. Una nini mfukoni?"

"Mandazi."

"Siyo mandazi hayo. Una dawa umevaa. Mlirudi nazo kutoka Uganda, tunajua."

Niliapa sina. Akanipekua hadharani, akakuta mandazi, akachukua moja, akaondoka akiwa bado haniamini. Sikumlaumu. Aliyoyaona ni ya kweli, alikosea tu sababu.

Nilikimbilia nyuma ya nyumba za matofali na kugonga mlango uliokuwa unatoa moshi. Sauti ya mwanamke ilitoka ndani. "Usigonge. Sema kitu."

"Naomba kujificha, mama."

"Hapa hapafunguliwi. Una njaa?"

"Ninayo."

Bakuli la uji likasukumwa kwa chini ya mlango, pale ambapo ubao ulikuwa umeliwa na mchwa. Nililala kifudifudi ili nilipate, nikabaki hivyohivyo nikinywa, pua kwenye vumbi. Nilisikia miguu ya wale walionifuata ikipita nyuma yangu, ikasimama, ikaendelea.

"Uji ukoje?" akauliza wa ndani.

"Hauna sukari."

"Huyu mzima," akamwambia mtu mwingine, na nikasikia wanacheka.

Kiabakari mpaka Butiama: kwa miguu

Sehemu hii niliitembea mwenyewe na haina mengi. Jua lilikuwa usoni, goti linauma, nikatembea nimeinamisha kichwa nikichagua pa kukanyaga. Sikusumbuliwa na yeyote. Nilipita mashamba ya mtama ambayo hayakuwa na wa kufukuza ndege, na ndege walikuwa wanene.

Nilipofika kwenye boma la mama mkwe nilisimama nje ya ua wa minyaa, nikageuka mgongo kama inavyotakiwa, nikakohoa. Halafu, kwa sababu mimi ni mlinzi, nikachungulia kwa pembeni ya jicho.

Uani kulikuwa na watatu. Mmoja nilimfahamu kwa koti lake, alikuwa jirani, mwinjilisti. Walikuwa wanazunguka pale uani polepole kama watu wanaotafuta kitu kilichodondoka. Na katikati yao mama mkwe wangu alikuwa anapepeta mtama. Alikuwa amewapa mgongo. Mmoja alipozunguka upande wake, yeye aligeuka upande mwingine na ungo wake, bila haraka, kama vile anafuata upepo. Nilisimama pale na rungu langu nikahisi nimesahau linashikwaje.

Alisikia kikohozi. Akajifunika kanga kichwani, akanipa mgongo na mimi pia. Chini ya miguu yake kulikuwa na kuku mwekundu akiokota punje. Akamwinamia yule kuku.

"Kuku, mwambie mkwe wetu karibu. Na mwambie anavyochungulia hivyo amekosea."

Sijawahi kusemezwa kwa njia ya kuku. Lakini hapakuwa na mtu mwingine, na yeye alikuwa ameshafikiri zaidi yangu.

"Kuku, mwambie mama shikamoo. Mwambie Wakuru amenituma."

"Kuku, mwambie marahaba. Mtoto ameshuka?"

"Kuku, mwambie ameshashuka tumboni. Bado siku chache."

Ungo ukasimama. "Basi tunaondoka." Halafu akakumbuka. "Kuku, mwambie."

"Kuku, muulize mama hawa watatu nimwondolee?"

"Kuku, mwambie aache rungu lake. Hawa wana siku kadhaa hapa na hawajanifanya kitu. Wanamjia anayewatazamaga usoni, basi. Binti wa jirani aliwatazama akapiga kelele, nikajua. Mwambie asiwatazame. Awapite kama anavyonipitaga mimi."

Wenzangu, mlango wa Kiabakari, Mzee Ramadhani na sindano yake, dereva na wimbo wake, vyote vilijipanga. Jeshini nilifundishwa kumtazama adui. Getini nilifundishwa kumtazama mgeni. Jambo pekee ambalo lingeniponya nilikuwa nimelifanya tangu siku niliyooa, kwa mtu mmoja tu.

Aliniwekea chakula juu ya jiwe kubwa nje ya ua, akarudi ndani, ndipo nikasogea. Ugali wa mtama na muhogo, mgagani uliotiwa maziwa. Nilikula nikiwa nimeelekea mlimani. Alifunga mzigo: michembe ya viazi vikavu, kisu, wembe mpya na uzi kwa ajili ya kitovu cha mtoto, na yule kuku akamtia kwenye tenga. Nilidhani ni zawadi ya mzazi. Kumbe alikuwa mkalimani.

Butiama mpaka Makutano: mnadani

Mpango ulikuwa hivi. Mimi mbele, yeye nyuma, kwa sababu mbele ndipo penye hatari na nyuma ndipo penye heshima. Sikuruhusiwa kugeuka. Askari yeyote atakwambia huo ni mpango mbovu, mtu unayemlinda humwoni. Lakini kuku alikuwa anaongea njia nzima kwenye tenga, kokoko, kokoko, na kwa sauti hiyo nilijua yupo umbali gani na amechoka kiasi gani. Nilipoenda mbio kuku alilalamika, nikapunguza.

Tulipishana siku ya kwanza kuhusu michembe. Nilipoingia porini kidogo, aliiweka juu ya kichuguu cha mbele akarudi nyuma kusubiri nile. Mimi nilidhani ameisahau, nikaibeba ili nimrudishie, lakini nimrudishieje? Nikaiweka kwenye kichuguu kingine mbele. Yeye alipofika akaikuta, akadhani nimeikataa. Tulirudishiana ile michembe mpaka jioni, wote wawili tuna njaa, mpaka kuku alipotumwa, "Kuku, muulize mkwe wetu, michembe ya kwetu ina ubaya gani?"

Usiku tulilala kwenye shule iliyokuwa wazi, yeye jengo la darasa la kwanza na mimi la darasa la saba.

Njia ya kwenda Makutano inapita kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe. Tulipotokea juu ya kilima niliona kwa chini nguo nyingi. Nikainamisha macho palepale. Ilikuwa siku ya mnada walipokutwa na mambo haya, na watu wa mnada walikuwa bado mnadani. Kushoto ni bonde lenye tope mpaka kiunoni, kulia mawe. Njia ilikuwa moja, katikati yao.

Nikasimama. Kuku akasimama.

"Kuku, mwambie mama hapa wapo wengi kuliko nilivyowahi kuona."

"Kuku, mwambie ni watu tu. Mwambie alipokuja kuposa kwetu walikuwepo wajomba wote na mashangazi wote, na hakuinua uso mpaka akaondoka. Tulimsifu."

Niliingia hivyo. Nilitazama ncha za buti zangu. Niliona miguu, malapa, viatu vya mitumba, kwato za ng'ombe waliokufa kwa kiu. Mwanaume mmoja alikuwa bado ameshika kamba isiyokuwa na ng'ombe. Walikuwa wanagusa bega langu, si kwa kunishika, kwa kupishana tu. Harufu siielezi. Mtu anayetembea katikati ya watu ana hamu ya kuinua uso ambayo hamuijui mpaka mnyimwe. Shingo yenyewe inataka. Nilifanya kama nafanya nikimsikia mama mkwe anakuja njiani: nilijiambia, yule ni mkwe, na yule ni mkwe, na yule. Nikawapisha wote kwa heshima.

Katikati ya uwanja, kuku akanyamaza.

Nilienda kidogo zaidi nikisikiliza. Hakuna. Nilisikia nyayo nyingi nyuma yangu, sikuweza kujua zipi ni zake. Nikigeuka, nitatazama nyuso mia. Na nikigeuka nikamkuta mzima, ninamtazama yeye, na hilo nalo siwezi kulirudisha. Nimewahi kulala kwenye handaki huko Uganda wakati mabomu yanaanguka, na sikuogopa vile. Nikasema kwa sauti ya chini, macho chini, "Kuku, uko nyuma?"

Nikapiga hatua tatu.

"Kuku, mama yupo?"

Kikohozi kikaja, kile chake kikavu cha mara mbili, karibu kabisa na mgongo wangu. Nikaendelea kutembea, na nakiri machozi yalidondoka kwenye buti.

Tulipotoka upande wa pili na kupanda mpaka kwenye miti, nilisikia tenga linawekwa chini na kuku anaanza tena kwa hasira.

"Kuku, mwambie mkwe wetu nilikufunika kichwa na kanga. Na wewe una macho."

Bweri: kizuizini

Makutano hapakuwa na mtu. Tulipumzika tukaendelea na barabara kuu mpaka Bweri, mlangoni mwa mji, na hapo tukakuta kizuizi cha sungusungu: magogo, matairi, na wanaume wenye pinde. Nilifurahi kuona watu wanaopiga miayo.

Kamanda wao alikuwa Masatu, mvuvi, mtu mkubwa mwenye kofia ya sufu. Walikuwa na utaratibu na ulikuwa mzuri. Kuongea hakukuwa ushahidi, maana aliyeng'atwa huongea mpaka anapogeuka. Ushahidi ni weupe wa macho. Lakini ukimtazama machoni aliyekwisha kugeuka, anakurukia. Kwa hiyo walikuwa wameamua kwamba mgeni hatatazamwa na askari wa kizuizi. Kila mtu anatazamwa na wa kwake, wakiwa wamesimama mbele ya mishale.

Mimi sikucheleweshwa. Alikuwepo pale mtu wa Bugwema, binamu yangu, akaja akanitazama machoni, akasema, "Ni yeye, na bado ana sura mbaya," wakacheka, nikapita upande wa watu.

"Sasa huyo mama," akasema Masatu. Mama mkwe alikuwa amebaki ng'ambo ya magogo, amegeuka, kanga usoni. "Wewe umekuja naye. Ni nani wako?"

"Ni mkwe wangu."

"Mtazame."

"Kamanda, ni mama mkwe. Mama mzazi wa mke wangu."

"Nimesikia. Mtazame, utuambie macho yakoje."

"Siwezi."

Mishale mitatu ikainuka. Masatu hakuwa mtu mbaya. Jana yake walikuwa wamempitisha mzee kwa huruma na wakapoteza wawili. "Basi niambie alama yake ya usoni, nimwambie afunue kidogo tuone kwa mbali. Ana kovu? Ana mwanya?"

"Sijui."

"Mkweo miaka yote hii hujui ana mwanya?"

"Namjua kisigino. Cha kulia kimepasuka sehemu mbili. Akitua mzigo anaanza na goti la kushoto. Anakohoa mara mbili, hakohoi mara tatu. Ugali wake anautia muhogo kidogo. Nikisikia anacheka ndani ya nyumba yenye wanawake ishirini nakwambia ni yupi. Uso sijui."

Vijana wa pinde walitazamana. Masatu akamgeukia mama. "Mama, nisamehe. Fungua uso, mkweo akuangalie mara moja tu. Bila hivyo hupiti, na hapo ulipo huwezi kukaa. Wanakuja huko nyuma."

Kweli walikuwa wanakuja. Vumbi lilikuwa linaonekana barabarani.

Nikaona nimtoe yeye katika aibu kwa kuichukua mimi. Nilianza kugeuka. Nilisikia sauti yake kabla sijafika nusu, ya juu, haikutikisika.

"Kuku, mwambie mkwe wetu akae hivyo alivyo. Mwambie nimetoka Butiama ili nimpokee mtoto wake nikiwa mkwe. Sitafika pale nikiwa kitu kingine. Kama ni mshale, uje."

Nilirudisha uso wangu kwa Masatu. "Umesikia," nikasema. "Ukimpiga, unipige na mimi, kwa sababu mke wangu alisema nisije bila yeye."

Vumbi lilisogea. Halafu mmoja wa wale wenye pinde, mtu mzima mwenye mvi, akashusha upinde wake akaanza kucheka kwa kifua.

"Kamanda, mimi nimepangwa hapa tangu kizuizi kiwekwe. Hivi umeshaona msukule anaona haya?"

Masatu akamtazama.

"Mwenzangu, mke wangu mwenyewe alipogeuka alitoka nje uchi mbele ya baba yangu. Kitu cha kwanza kinachowatokaga ni haya. Macho yanafuata baadaye. Huyu mama anachagua mshale kuliko kutazamwa na mkwe wake, na wewe unauliza kama ni mzima? Huyo ni mzima kuliko sisi wote hapa."

Masatu alivua kofia yake ya sufu, akajikuna. Nilimwona anafikiri, na najua alichofikiri, maana na yeye ana mama mkwe. "Mpisheni," akasema. "Wote geukeni kwanza, mama apite."

Na hivi ndivyo mama mkwe wangu alivyoingia mji wa Musoma: wanaume wenye pinde wamesimama mistari miwili, wote wamempa mgongo, mimi pia, na yeye anapita katikati na tenga lake kichwani, taratibu, kuku anaongea, na magogo yanarudishwa kabla vumbi halijafika. Nimeona magwaride mengi. Tuliporudi kutoka vitani tulipigiwa muziki. Sijawahi kuona gwaride kama lile.

Kitaji

Wakuru alimtazama mama yake mlangoni, macho kwa macho, akacheka na kulia pamoja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba ya jirani, kama inavyotakiwa. Nilisikia tu mlango ukifungwa.

Misukule mnajua walivyoisha. Masika yalipoanza walilala chini mmoja mmoja walipokuwa, kama watu waliochoka, na hawakuinuka. Mnadani tulikwenda kuwazika, na wakati huo niliwatazama wote nyuso zao, kwa sababu hawakuwa wakwe tena, walikuwa watu.

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Uchungu ulimshika Wakuru siku ya pili baada ya sisi kufika. Nilikaa uani mchana kutwa na kuku. Jioni nilisikia sauti ya mtoto, halafu nyayo, kisigino kimoja kinakwaruza sakafu, zikasimama nyuma ya mlango. Kuku alikuwa nje na mimi. Mama alisubiri kidogo, nadhani alikuwa anatafuta wa kumtuma.

"Mlango," akasema mama mkwe, "mwambie mkwe wetu ni msichana. Na mama yake ni mzima."

"Mlango," nikasema, "mwambie mama ahsante."

Sasa anakaa na sisi. Nimemjengea chumba chake upande wa pili wa ua, mlango umeelekea ziwani, wangu umeelekea barabarani. Kuku ana vifaranga na hana kazi nyingine, watoto wanatusemea. Na mnaponiuliza pale kwenye bao, baada ya yote yale, uso wake ukoje, nawajibu bado sijauona, na nawajibu kwa kujivuna. Nilimtoa Butiama akiwa mkwe na nikamfikisha akiwa mkwe.

Ila kila mwanamke anayeingia kumwona mtoto anasema neno lilelile, kwamba amefanana na bibi yake kabisa, paji la uso, mdomo, mpaka anavyokunja nyusi. Mimi sina la kubisha wala la kukubali. Nikitoka zamu ya ulinzi asubuhi, mama yake akiwa jikoni, namchukua mtoto, nakaa naye kizingitini penye mwanga, namtazama usoni. Natazama sana. Naye ananitazama.